Wafunzeni Vijana Kusoma Mizani

Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Juni, hapa Mwanza kama katika miji mingine yetu, twaona mambo yale yale. Watoto huvalishwa fulana mpya, hupangwa mistari, huandamana nyuma ya bendi, na wakifika uwanjani hukalishwa juani kuwangoja wakubwa. Kisha huinuka mmoja wao, mara nyingi msichana mwenye sauti nzuri, akasoma risala. Risala hiyo imeandikwa na mwalimu, imesahihishwa na ofisa, imepigwa chapa ofisini. Ndani yake watoto wanaiomba serikali vyoo, wanaomba madawati, wanaomba mabweni. Mgeni rasmi hupiga makofi, husema amesikia, hupanda gari. Basi, mpaka mwakani.

Nina swali moja, na naomba nijibiwe bila hasira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makisio ya halmashauri hupitishwa na madiwani mapema mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la Bajeti halijakaa mwezi wa nne. Hotuba ya bajeti yenyewe husomwa Dodoma katikati ya Juni. Je, mtoto anayesimama tarehe 16 Juni kuomba choo, anaomba choo cha mwaka gani? Fedha zimekwisha gawanywa, kila shilingi ina mwenyewe. Twamtuma mtoto kupiga hodi katika nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kula, wameosha vyombo na kuzima taa. Akirudi mikono mitupu twamwambia amefanya vizuri sana, sauti yake imesikika.

Na hii ati ndiyo siku ya kuwakumbuka watoto wa Soweto! Watoto wale wa 1976 walikataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu. Hakuna mtu aliyewaandikia risala. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoiweka siku hiyo katika kalenda mwaka 1990, uliiweka kwa ajili ya watoto waliosema neno lao wenyewe na wengine wakafa kwa ajili yake. Sisi tumeigeuza ngoma ya kumkaribisha mgeni.

Sisemi siku hiyo ifutwe. Nasema kwamba kijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane katika nchi hii hafundishwi kazi ya uraia. Anafundishwa maneno ya uraia. Anajua kukariri mihimili mitatu ya dola, anajua rangi za bendera na maana zake, na akiulizwa katika mtihani faida za demokrasia atakuandikia tano. Lakini muulize: bomba la maji la mtaa wenu likikauka, nani mwenye wajibu, anakaa ofisi gani, kikao chake ni lini, na wewe utasema nini mbele yake? Hapo utaona anatazama dari. Nimelifanya jaribio hilo mwenyewe, maana mimi ni mwalimu kwa mafunzo ingawa kazi yangu sasa ni kuzunguka matawini. Katika shule moja ya sekondari kando ya ziwa niliwaomba wanafunzi wa Kidato cha Tatu waniandikie watampelekea nani habari ya choo kilichobomoka. Zaidi ya nusu waliandika: Rais. Waliobaki waliandika: Mungu, au mbunge. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mtendaji wa kata, ambaye ofisi yake ilionekana kutoka dirishani.

Watu wa kanda hii hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mwalimu wa mambo hayo. Waulizeni wazee wa Usukuma. Tangu zamani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe. Hakuteuliwa na mtemi. Yeye ndiye aliyewapanga kwenda kulima shamba la huyu na kujenga nyumba ya yule, na mkubwa wa kijiji aliyedharau umoja wao aliweza kususiwa kama mtu mwingine yeyote. Kijana alijifunza kuchagua, kutii aliyemchagua na kumwajibisha, kabla hajaota ndevu.

Halafu ikaja pamba. Mkulima alileta mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akautia katika mizani, akataja uzito anaotaka yeye, akalipa. Mkulima aliona sindano ya mizani ikicheza lakini hakuijua kusoma. Manung'uniko yalikuwa mengi, na manung'uniko hayakuongeza hata ratili moja. Ndipo vijana wachache waliosoma wakaliona jambo. Paul Bomani, mwalimu aliyefunzwa Ikizu, alizaliwa 1925. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na umri wake ni miaka ishirini na miwili tu. Wakulima wakachanga fedha zao, wakawaweka watu wao wenyewe wanaojua tarakimu wasimame kando ya mizani ya mnunuzi, wasome uzito kwa sauti, wauandike. Hawakumpiga mtu wala kuchoma ghala. Walisoma mizani! Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo baada ya miaka michache ilikuwa ndiyo inayonunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa.

Mkoloni alielewa upesi kuliko sisi maana ya jambo hili. Tangu 1954 hadi 1958 TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukumani, kwa sababu watu waliokwisha kujua kusoma mizani ya pamba wangeisoma na mizani ya utawala. Na wakaisoma kweli. Mwaka 1958 watu wa Geita waliikataa halmashauri ya mseto waliyobebeshwa, wakaandamana kwa maelfu mpaka Mwanza kuwaona wakubwa wa Jimbo uso kwa uso. Walitawanywa kwa moshi wa machozi, lakini mpango ule haukudumu.

Yafaa niseme na upande wa pili wa habari hii, ambao wapenda sifa huuruka. Ushirika ule ulipokuwa mkubwa, mwenye mizani akawa ndugu yetu, na watu wakaacha kuitazama mizani. Malalamiko ya wanachama juu ya viongozi na makarani yalikua hata mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na serikali ikaushika ule muungano wetu wa Ziwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Kizazi kilichoweka watu kando ya mizani hakikuwafundisha watoto wake kusimama pale pale. Walidhani kazi imekwisha kwa kuwa mnunuzi amebadilika jina.

Mizani ya leo iko wapi? Iko katika kila shule. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, na wa sekondari shilingi 25,000. Katika ile 10,000, shilingi 6,000 zilipangwa ziende shuleni, na zilizobaki zinunue vitabu. Sasa hesabu hii mtoto wa darasa la tano aiweza. Shule yenye watoto 1,200 inapaswa kupokea shilingi 7,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kila mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, vyote humo. Je, zilifika? Zilifika lini? Zilinunua nini? Hizo ndizo tarakimu za sindano. Na kuna swali la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: kile kiwango cha shilingi 10,000 hakikuzaliwa 2016, kilitoka katika mpango wa MMEM ulioanza 2002. Je, 10,000 ya 2002 ilinunua madaftari mangapi, na 10,000 hiyo hiyo ilinunua mangapi mwaka 2016? Kijana akienda sokoni na kalamu kuuliza bei, akarudi na jibu, akaliandika kwa ukurasa mmoja na kumpelekea diwani kabla makisio hayajafungwa, huyo amefundishwa. Yule mwenye risala amepambwa tu.

Wapinzani wa jambo hili ni wa namna nyingi.

Wako wazee wanaosema: mtoto hana haki, mtoto ana wajibu; samaki mkunje angali mbichi. Sawa, tumkunje. Lakini twamkunja aelekee wapi? Ninavyoona twamkunja ainame. Tena sheria ya nchi imekwisha kulisema: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye kuweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Bunge letu wenyewe liliipitisha, kwa hiyo habari ya kwamba ni desturi ya Wazungu iishie hapo.

Wako walimu wenzangu wanaosema: ukiwafundisha haya watagoma. Ndugu zangu, mgomo hauletwi na elimu hii, huletwa na kukosekana kwake. Neno la kijana lisipopewa njia halifi. Hulala nalo bwenini, na siku moja hutoka kwa jiwe. Na nadhani wengine wetu hatuogopi mgomo hata kidogo, twaogopa maswali. Kanuni za viboko zilizotungwa 1979 na kurekebishwa 2002 zasema viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Ni shule ngapi ambazo mwanafunzi amewahi kukiona kitabu hicho? Mwalimu anayevunja kanuni mbele ya darasa hawezi kulifundisha darasa hilo utawala wa sheria, hata akijaza ubao.

Wako pia wale wanaosema vijana wana choyo, wakipewa nafasi watajidai wao tu. Hapo pana neno. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara wakiwa kazini. Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Vijana wale walijua kuandamana. Wasichofunzwa ni kumtetea mtu asiye wao: mkulima aliyewalipia kusoma hakuwamo katika mabango yao. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule na mashamba yao. Twaikumbuka jembe. Ile sehemu ya kuamua tumeisahau, na kwa bahati mbaya jembe bila kuamua ni utumwa wa shamba la mwalimu mkuu.

Lakini wapinzani wabaya kuliko wote hawasemi kitu. Ni wakubwa wanaowataka vijana kwa kazi moja, kuwashangilia. Kijana anapewa fulana, nauli na soda, anajifunza kwamba siasa ni kumsifu mwenye nacho. Vijana wenyewe wamempa mtu wa namna hiyo jina, wamwita chawa, na jina limemkaa. Mtu aliyelelewa uchawa tangu shule atasoma wapi mizani? Ataimba uzito wowote atakaoambiwa.

Na wale wasiotaka uchawa, wakanyimwa na njia nyingine, twajua walipofika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani katika miji yetu, na Mwanza haikusalimika. Watu waliuawa. Sitaki kulitumia jambo hilo kumpigia mtu yeyote kampeni, makaburi bado mabichi. Lakini asije mtu akaniambia baada ya siku ile kwamba kumfundisha kijana mambo ya nchi ni hatari. Hatari tumekwisha kuiona, na haikutoka darasani.

Watu wa Ukerewe nao wana la kusema. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha mv Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka ishirini na miwili kabla yake, Mei 1996, mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Fikirini: kuhesabu watu wanaopanda kivuko ni kazi ya mtoto wa darasa la pili. Kujua idadi iliyoruhusiwa, kujua nani msimamizi wa gati, kujua kwamba una haki ya kusema "kimejaa, kisiondoke", na kujua utamwandikia nani kama hawakusikia, hiyo ndiyo elimu ninayoidai. Ningependa katika kila shule ya visiwani, Ukara, Ukerewe, Kome, Maisome, kila mwanafunzi ajue idadi ya abiria wa kila chombo anachopanda kama anavyojua jina la babu yake.

Wasije wakasema hayawezekani, maana yamekwisha kufanyika. Hapa hapa Mwanza, miaka ya 1990, kituo cha Kuleana kiliwapokea watoto wa mitaani na kuchapa vitabu vya haki za watoto kwa Kiswahili chepesi. Hapa hapa Angela Benedicto, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani tangu usichana, aliunda WoteSawa, ambamo wasichana watumishi wa nyumbani hujifunza kuieleza kazi yao na ujira wao bila kusemewa. Na mwaka 2016 Rebeca Gyumi, hata miaka thelathini hajatimiza, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema naye tena, ikaipa serikali mwaka mmoja kuirekebisha sheria. Mwaka ukapita, Oktoba 2020 ikafika, sheria haijarekebishwa. Hili nalo vijana walijue mapema: kushinda ni nusu ya kazi, nusu iliyobaki ni kurudi kila mwezi kuuliza imefika wapi. Mtoto wa risala hajui habari hiyo, maana tarehe 17 Juni fulana imekwisha fuliwa.

Nitataja jambo moja dogo nililoliona. Katika shule ile niliyoisema, wasichana sita walibaki baada ya kipindi. Wakataka kujua kwa nini hakuna chumba cha kubadilishia wakati wa hedhi. Tulikaa Jumamosi tatu. Wiki ya kwanza walihesabu siku ambazo wasichana wa Kidato cha Pili hawakuja shule. Ya pili waliuliza fundi bei ya matofali, saruji na mlango. Ya tatu waliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakaipeleka wenyewe na kudai igongwe muhuri wa kupokelewa. Wiki tano baadaye jibu likaja: haiwezekani mwaka huu, fedha hazikutengwa. Mwalimu mmoja akawacheka. Mimi niliwaambia waiweke barua ile vizuri, kwa sababu ni mara ya kwanza ofisi imewaandikia wao, na imeandika sababu. Sababu iliyoandikwa hujibika. Wakaenda kuuliza: hutengwa lini? Na sasa wanajua, wengi wa wazazi wao hawajui.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, nayapeleka kwa walimu, kwa matawi, na kwa vyuo vya ualimu vya kanda hii, kuanzia Butimba mpaka Murutunguru. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Vizuri, basi humo humo ifundishwe habari ya wasoma mizani, tena kwa vitendo. Mwalimu anayesomea kazi asipewe cheti kabla hajawapeleka wanafunzi kusikiliza kikao cha baraza la madiwani, ambacho kwa sheria kiko wazi kwa mwananchi yeyote. Viranja wachaguliwe kwa kura ya siri, na wasomewe hesabu za shule. Mabaraza ya watoto yaliyoundwa katika kata na wilaya yakutane Oktoba na Novemba, wakati mitaa na vijiji vinapanga vipaumbele, na risala zao waziandike wenyewe hata kama Kiswahili chake kina makosa. Mwenyekiti wa mtaa awakaribishe katika mkutano, wakae mbele, waseme. Kupiga kura watangoja miaka kumi na minane, kusema hakungoji.

Na walimu wakuu: karatasi ya mapato na matumizi ya ruzuku ibandikwe ukutani, nje, mahali ambapo mtoto mfupi anaweza kuisoma. Nitapita matawini kuanzia Ilemela, kisha Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema, na Ukerewe nitamalizia. Kila nitakapofika nitauliza karatasi hiyo iko ukuta gani.